Waamuzi wanne barabarani: Lubumbashi, Likasi, Kolwezi

Alhamisi, Lubumbashi hadi Likasi

Tumetoka Kamalondo saa mbili asubuhi, baridi ya mwezi wa saba bado inauma vidole. Gari ni dogo, la kukodi, na dereva wake anaamini kwamba redio ikilia kwa nguvu hakuna atakayesikia injini ikilalamika. Muzee amekaa mbele kwa sababu ya magoti. Alianza kupuliza filimbi ya soka nchi ikiitwa Zaire, sasa ni kamishna wa mechi. Nyuma tuko watatu: mimi wa kati, na wasaidizi wangu wawili. Mmoja ni kijana mkimya kiasi kwamba dereva alidhani ni mgonjwa. Mwingine ni dada mdogo, mwalimu wa shule ya msingi kule Katuba. Ananiita yaya, yaani ndugu mkubwa, na bendera yake ameifunga ndani ya kitenge.

Kazi yenyewe: kesho mechi ya vijana Likasi, Jumapili mechi ya wakubwa Kolwezi, timu ya Kolwezi dhidi ya timu ya Likasi. Wametuita sisi wa Lubumbashi kwa sababu kila upande umekwisha kumkataa mwamuzi wa upande wa pili. Kwa lugha nyingine, tunakwenda mahali ambapo hakuna anayetupenda, na ndiyo sababu tumealikwa.

Njiani nasoma. Kwenye simu nimehifadhi habari nyingi za waamuzi wa besiboli wa Marekani. Mchezo wenyewe sijawahi kuuona uwanjani, sifuati timu yoyote wala matokeo. Nawafuata wale watu wenye barakoa ya chuma usoni kwa sababu kazi yao ni hiyo tu. Hawana darasa la kufundisha Jumatatu wala duka la kufungua. Ligi kuu ina waamuzi wa kudumu 76 hivi, nao hutembea wanne wanne. Kila timu inacheza mechi 162 kwa msimu, nusu nyumbani kwake, nusu ugenini. Mwamuzi yeye yuko ugenini msimu mzima.

Nikamweleza Muzee wanavyogawana kazi. Mmoja anasimama nyuma ya mdakaji, yule anayedaka mpira unaorushwa kwa mpigaji. Huyo ndiye anayeamua, kila mpira ambao mpigaji ameuacha upite, kama ni straiki, yaani umerushwa sawasawa na unahesabiwa dhidi ya mpigaji, au ni boli, yaani umerushwa nje, na kwa mechi moja mipira inayorushwa inakaribia 300. Watatu wengine wanalinda besi, vile vituo ambavyo mpigaji hukimbilia. Kesho yake zamu inazunguka: wa besi ya kwanza anakuja nyuma ya mdakaji, na yule aliyekuwa nyuma ya mdakaji anakwenda besi ya tatu kupumzisha macho. Hakuna anayechagua.

«Basi kesho ungeshika bendera, huyu dada angeshika filimbi,» Muzee akasema bila kugeuka.

Dada mdogo alitazama nje ya dirisha, lakini niliona masikio yake yamesimama.

Barabara ina malori kuliko magari. Yanayoelekea Kasumbalesa yamebeba shaba na kobalti, yanayotoka huko yamebeba vitu vya viwandani, tindikali na salfa na chokaa. Ukikaa nyuma ya moja, unakaa nusu saa. Tulilipa peaji, ushuru wa barabara, tukavuka Lufira, na kama kawaida Muzee akaanza habari za 1961, wanajeshi wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walipozingirwa Likasi, wakati huo ikiitwa Jadotville, na wenzao waliokuja kuwaokoa wakakwama kwenye daraja la mto huu huu. Nimeisikia mara nyingi. Pembeni mwa barabara akina mama wanauza samaki wa Kapolowe. Muzee akasema tutanunua wakati wa kurudi, siku ambayo hatudaiwi maamuzi na mtu.

Tumelala Kikula, nyumba ya wageni yenye maji ya ndoo. Inatosha.

Ijumaa, Likasi

Mechi ilikuwa saa tisa. Saa sita mchana akaja msimamizi wa timu mwenyeji, mtu mnene, mpole, kofia mkononi.

«Bazee, bukari iko tayari, mbuzi iko tayari. Mukuye mukule.»

Harufu ya mbuzi yule ilikuwa imetufikia kabla yake. Muzee akasimama, akamshika mkono kwa mikono miwili.

«Aksanti sana, baba. Sisi tulishakula.»

Hatukuwa tumekula kitu tangu chai ya saa moja. Tukaenda sokoni, kila mmoja na franga zake, bukari, yaani ugali, na matamba ya majani ya muhogo na kipande cha makayabu, samaki mkavu mwenye chumvi ya kuua mtu. Kijana mkimya alikula mabonge mawili, akasukuma sahani. Dada mdogo ndiye aliyeuliza lile ambalo wote tulikuwa nalo: mbuzi ana kosa gani? Mgeni anapewa chakula, ndiyo desturi, babu zetu wangetushangaa.

Muzee alimjibu polepole. Kwamba mbuzi hana kosa. Kwamba pengine hata yule baba hana nia mbaya. Lakini dakika ya themanini, mchezaji wa mwenyeji akianguka ndani ya kisanduku, wewe utakuwa unaamua ukiwa umeshiba kwa mkono wake, na hata ukiamua haki, wale wengine wataihesabu ile nyama kipande kwa kipande.

Hapo nikawatolea habari ambayo naipenda kuliko zote katika simu yangu. Zamani, besiboli ilipokuwa changa, mwamuzi alikuwa mtu wa kuombwa tu: timu mwenyeji ilimtafuta, manahodha wakakubaliana, na mara nyingi mwenyeji huyohuyo ndiye aliyemlipa. Mwaka 1879 ligi ya taifa ikatengeneza orodha ya watu 20 ambao timu zingechagua humo. Haikusaidia sana. Mwaka 1882 mwamuzi mmoja, Dick Higham, aliyekuwa mchezaji hapo kabla, akaanza kutiliwa shaka na timu ya Detroit kwa sababu maamuzi yake yalikuwa yanaikandamiza mno. Rais wa timu, William Thompson, ambaye alikuwa pia meya wa mji, akaajiri mpelelezi. Zikapatikana barua za Higham kwa mcheza kamari, zimeandikwa kwa maneno ya mafumbo. Akafukuzwa ligi, na mpaka leo anatajwa kuwa mwamuzi pekee wa ligi kuu aliyefukuzwa kwa hila za namna hiyo.

Mwaka huohuo wa 1882 ligi nyingine pinzani, American Association, ikafanya jambo ambalo leo linaonekana dogo: ikawaajiri waamuzi yenyewe, kwa mshahara wa ligi. Timu hazikuwa tena na mkono mfukoni mwa mwamuzi. Mwaka uliofuata ligi ya taifa nayo ikaiga.

«1882,» Muzee akasema. «Na sisi tuko wapi?»

Hakuna aliyemjibu. Tulimlipa mama wa bukari.

Mechi ya vijana haikuwa na maneno. Wenyeji wamefungwa mawili bila, mabao safi, kadi moja ya njano. Muzee alikuwa ameniambia kwamba baada ya mechi mbuzi tungeweza kumla, hakuna ubaya, uamuzi umekwisha. Tulivaa taratibu, tukangoja. Mbuzi hakutajwa tena.

Jumamosi, Likasi hadi Kolwezi

Hii siku nitaiandika kwa urefu kwa sababu ilikuwa ndefu.

Tulipita Fungurume kabla ya saa sita, vilima vimechimbwa hadi vinaonyesha matumbo mekundu. Mbele kidogo ya hapo, injini ikachemka. Dereva akazima redio, na kwa mara ya kwanza tukasikia lile ambalo redio ilikuwa inalificha. Akafungua boneti, mvuke ukamfukuza. Maji tuliyokuwa nayo ya kunywa tukayamimina yote, yakatoka chini kama yalivyoingia. Dereva akapanda pikipiki kurudi Fungurume kutafuta fundi. Sisi tukakaa kwenye mawe, migongo kwa vumbi.

Saa nane ikapita. Muzee alikuwa na dawa zake za presha za kumeza na chakula, na chakula kilikuwa karanga. Nilikumbuka John McSherry, mwamuzi mnene aliyeanguka uwanjani Cincinnati tarehe 1 Aprili 1996, siku ya kufungua msimu, mechi ikiwa ndiyo kwanza imeanza, na moyo ukasimama. Sikuitoa habari hiyo. Kuna za kusimulia na kuna za kukaa nazo.

Nikatoa ya Joe West badala yake. Huyo aliingia ligi kuu 1976 na akastaafu 2021, mechi 5,460, hakuna aliyemfikia. Aliyekuwa akiishika rekodi kabla yake ni Bill Klem, mechi 5,375, tangu 1941. Huyo Klem alikuwa na tabia moja: mchezaji akija kubishana naye, alichora mstari kwenye vumbi kwa kiatu chake, akageuka na kuondoka. Ukiuvuka mstari, umetoka mchezoni. Dada mdogo akachora wake pale pembeni mwa lami, akanitazama. Sikuuvuka.

«Na kabla ya kufika juu, wanapitia wapi?» akauliza.

Chini kabisa, nikamwambia. Shule ya waamuzi wiki chache, kisha ligi ndogo, wawili tu uwanjani, mmoja nyuma ya mdakaji, mmoja anakimbia besi zote. Mechi ikiisha usiku, wanaingia garini wao wenyewe hadi mji mwingine. Miaka saba, minane, wengine kumi. Walio wengi wanaambiwa warudi nyumbani kabla ya kuuona uwanja mkubwa.

Ndipo basi likaja.

Tulilijua kwa nyimbo kabla ya kuliona. Wachezaji wa Likasi, wale wale tutakaowachezesha kesho, madirisha wazi, ngoma ndani. Likapita, likapunguza mwendo, likarudi nyuma taratibu mpaka mlango ukawa mbele yetu. Kocha wao akashuka. Kijana wa heshima, alimsalimu Muzee kwa kuinama.

«Muzee, mambo gani haya? Pandeni. Viti viko. Saa moja na nusu tuko Kolwezi.»

Na viti kweli vilikuwepo, nilivihesabu kupitia dirishani. Ndani wachezaji walikwisha kuanza kusogea. Jua lilikuwa linaelekea kushuka na upande ule usiku wa kiangazi una baridi ya mfupa. Nilimtazama Muzee, na nakiri kwamba nilikuwa nimekwisha kushika mkanda wa begi.

«Mwanangu,» Muzee akamwambia kocha, «Mungu akubariki. Lakini mimi nikipanda humu, kesho wewe ukishinda watasema nini?»

«Watasema tumewasaidia wazee barabarani.»

«Watu wa Kolwezi ndio watasema hivyo?»

Kocha akacheka, akakuna shingo. Akatuachia bidoni la maji. Muzee akalikubali, akasema maji hayana timu. Mlango ukafungwa, ngoma zikaondoka nazo.

Sitasema tulifurahi. Kijana mkimya aliokota jiwe akalirusha mbali sana. Dada mdogo alijifunga kitenge mabegani, bendera ikabaki imelala uchi juu ya begi. Mimi nilikuwa na hasira na Muzee kwa muda wa karibu saa nzima, na hasira hiyo nilimwonyesha kwa kunyamaza, ambayo ni adabu ya mtu mdogo aliyeudhika. Kuna haki ya vitabuni, na kuna mzee wa presha amekaa juu ya jiwe. Bado sijui kama ningeamua vile yeye alivyoamua.

Dereva alirudi na fundi, fundi akatikisa kichwa: kifaa kitapatikana Jumatatu. Giza likiingia tukasimamisha malori mawili yaliyofuatana, yamebeba salfa kwa viwanda vya Kolwezi. Wawili katika la kwanza, wawili katika la pili. Muzee akapewa kitanda kile cha nyuma ya dereva. Tulielewana bei, Muzee akalipa kutoka mfukoni mwake na kuandika kiasi kwenye daftari. Lualaba tuliivuka usiku, hatukuiona. Tulishuka Manika, tukiwa na unga wa njano kwenye mabegi, viatu, hata nyusi.

Jumapili, Kolwezi

Habari inakimbia kuliko lori. Nusu saa kabla ya mechi, viongozi wa timu ya Kolwezi wakaja chumbani kwetu, watatu, hawakuketi. Mtu aliyepita njiani jana ameona basi la Likasi limesimama mbele yetu, mlango wazi. Wanataka kujua kama waamuzi wamesafiri na wapinzani wao.

Muzee hakujibu kwa maneno mara moja. Akavuta begi lake chini ya benchi akaliweka juu ya meza. Akalipiga kofi moja. Wingu la njano likapanda, mmoja wao akapiga chafya.

«Salfa,» Muzee akasema. «Basi la wachezaji linabeba salfa?»

Hao ni watu wa Kolwezi, salfa wanaijua kwa pua. Wakatazamana. Mkubwa wao akaomba radhi, akauliza kama tumekula. Muzee akasema tumekula. Safari hii ilikuwa kweli, mikate na chai.

Uwanja ulijaa, vumbi tupu, mistari ya chokaa. Kipindi cha kwanza bila bao. Likasi wakafunga mwanzoni mwa kipindi cha pili kwa kichwa. Dakika za mwisho Kolwezi wakasawazisha, uwanja ukalipuka, na mimi nikageuka kumtazama dada mdogo kama ninavyofanya kila bao likiingia. Alikuwa amesimama, bendera juu. Imenyooka. Kuotea.

Nikafuta bao.

Yaliyofuata unayajua kama umewahi kukaa kwenye uwanja wa mkoa. Mifuko ya maji. Maneno juu ya mama zetu. Kwake yeye yalikuwa mabaya zaidi, na mengi yalimrudisha jikoni. Bendera haikushuka mpaka nilipoonyesha mahali pa kupigia mpira. Mechi ikaisha moja bila.

Tukiwa bado ndani, polisi wawili mlangoni, shabiki mmoja alipenya na simu, amerekodi. Anataka tuone. Picha inatikisika, imepigwa kutoka upande wa goli, mabega ya watu yameziba nusu. Mimi niliangalia, sikuona cha kunithibitishia wala cha kunikanusha. Muzee alikataa kuangalia. Dada mdogo aliangalia mara mbili, akamrudishia simu, akasema, «Nilikuwa kwenye mstari. Wewe ulikuwa nyuma ya goli.»

Usiku, kwenye kuku wa kuchoma tuliomnunua wenyewe, akaniuliza kama huko kwenye besiboli kuna wanawake. Nikampa yote niliyo nayo. Kwamba Pam Postema alichezesha ligi ndogo miaka 13, akafika daraja la mwisho chini ya ligi kuu, na 1989 wakamwachisha. Kwamba Jen Pawol alianza chini kabisa 2016, akapanda ngazi kwa ngazi, na tarehe 9 Agosti 2025, Atlanta, akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya ligi kuu, kwenye besi. Kesho yake zamu ikamleta nyuma ya mdakaji.

«Miaka mingapi basi, tangu wanaume waanze?»

Ligi ya taifa ilianzishwa 1876. Alipiga hesabu kwa vidole vyenye mafuta, akaiacha katikati.

Muzee naye alitaka kusikia juu ya makosa, kwa maana alijua mimi nimeitunza moja. Ni ya Jim Joyce, 2 Juni 2010, Detroit. Mrushaji Armando Galarraga alibakiza mtu mmoja tu kumaliza mechi bila mpinzani hata mmoja kufika besi, jambo ambalo warushaji wengi hustaafu bila kulipata. Mtu wa mwisho akapiga, mpira ukafika besi ya kwanza kabla yake, na Joyce, aliyekuwa hapohapo, akasema amefika salama. Hakuwa salama. Wakati huo video ilitumika kwa mipira iliyopigwa nje ya uwanja tu, tangu 2008. Kukagua kwa video uamuzi wa besi kulianza 2014. Joyce alipoona picha baada ya mechi alimwomba Galarraga msamaha uso kwa uso.

Sasa, kumbukeni zamu, nikawaambia. Wa besi ya kwanza, kesho anakwenda wapi?

«Nyuma ya mdakaji,» akasema kijana mkimya.

Basi mchana uliofuata Joyce ndiye aliyesimama katikati, mbele ya uwanja uleule, na timu ya Detroit ikamtuma Galarraga mwenyewe kumletea karatasi ya majina ya wachezaji. Joyce akaipokea akifuta machozi, wakapeana mikono, mechi ikaanza. Muzee alitafuna muda mrefu. Akauliza kama walimlipa nauli ya siku hiyo kama kawaida. Nikasema ligi ndiyo inayolipa, ukikosea usikosee. Akaitikia kwa kichwa. Naona ndilo alilotaka kulijua.

Jumatatu, Kolwezi hadi Lubumbashi

Tumerudi na basi la abiria, kila mtu na tiketi yake. Gari letu tulilipita pembeni ya Fungurume, dereva amelala ndani miguu dirishani, akatupungia mguu.

Posho ya mechi ya Kolwezi wamesema itafuata. Posho ya Likasi nayo inafuata tangu Ijumaa. Kijana mkimya, ambaye tangu Alhamisi hakuwa ameanzisha mazungumzo yoyote, akageuka kiti cha mbele akasema, «Tugome.»

Basi zima lilimtazama. Nikamwambia hata hilo wenzetu wamelijaribu pande zote mbili. Mwaka 1970 waamuzi wa besiboli waligoma siku ya kwanza ya mechi za mtoano; ligi ikaleta watu wa akiba, na baada ya siku moja hiyo wakarudi na makubaliano ya nyongeza. Mwaka 1999 wakaona watumie mbinu kali zaidi: waamuzi 57 wakaandika barua za kujiuzulu kwa pamoja, wakitegemea ligi itatishika. Ligi ikasema asante, ikazikubali 22, ikaajiri wengine. Kuna waliozeeka na ile barua moja.

Kijana akafikiri hadi tulipofika Likasi. «Ile ya 1970, basi,» akasema.

Kapolowe Muzee alinunua samaki wake, wanne, amechagua mwenyewe, amebishana bei mpaka muuzaji akacheka.

Jioni tulipita ofisini kuacha ripoti. Mtunza hazina akaisoma akisimama, kidole juu ya kila mstari. Mechi mbili, sawa. Kulala, sawa. Gari la kukodi, ataongea na mwenye gari. Akafika chini.

«Muzee, hapa umeandika lori. Watu wanne, malori mawili. Risiti iko wapi?»

«Lori la salfa, baba. Saa moja ya usiku.»

«Ninaelewa. Lakini bila risiti siwezi kulipa. Mngepanda kitu chenye risiti.»

Muzee akamwambia kulikuwa na basi moja lililopita, la bure kabisa, na kwamba angependa kumweleza habari zake. Akavuta kiti. Sisi tukamwachia samaki mlangoni, tukaenda kutafuta teksi.